Tetemeko Moja, Mashahidi Wengi: Kwa Nini Ardhi Haitikisiki Sawa kwa Wote

Majirani wawili wa Mutanga Nord wakiulizwa habari za tetemeko lile lile, majibu yao huweza kupishana kana kwamba walikuwa katika miji miwili tofauti. Mmoja atasema alisikia mvumo kama wa lori zito, kisha mshindo mmoja. Mwingine aliona taa ya darini ikiyumba polepole. Wa tatu, aliyekuwa ndani ya gari, hakusikia lolote. Katika kazi ya polisi tumezoea ushahidi unaotofautiana, na mara nyingi hudhaniwa kuwa mmoja wa mashahidi anadanganya. Katika jambo hili wote husema kweli. Ni vema raia waielewe sababu yake, kwani anayelifanya tetemeko alilopita salama kuwa kipimo cha matetemeko yote anaweza kukosa kujiandaa kwa lile litakalofuata.

Asili ya mitikisiko yetu

Bujumbura imekaa ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lipitalo maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Ziwa letu, lenye kina kinachofikia takriban mita 1,470, limejaa katika ufa huo huo. Pande mbili za bonde huachana kwa milimita chache kila mwaka. Miamba huvumilia mvuto huo kwa muda mrefu, kisha hukatika kwa ghafla, na nguvu iliyokusanyika hutoka kwa mawimbi. Mawimbi ya kwanza huenda kasi na huleta mvumo au mshindo. Yale yanayofuata huenda taratibu zaidi na ndiyo hutikisa kuta. Aliye karibu na kitovu huyasikia yote kwa pamoja, na aliye mbali huyapokea kwa kupishana.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili. Ukubwa wa tetemeko ni mmoja, nao hueleza nguvu iliyotoka chini. Kila namba moja inapoongezeka, nguvu huzidi takriban mara 32. Ukali wa mtikisiko ni jambo jingine, nao hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Hutegemea umbali na kina cha kitovu, aina ya udongo, uimara wa jengo, na hata hali ya mtu mwenyewe: aliyelala hutambua kisichotambuliwa na anayetembea. Udongo laini na mchanga ulioletwa na mito huzidisha mtikisiko kuliko mwamba mgumu. Sehemu kubwa ya jiji letu la tambarare, kama Buyenzi, Bwiza na Ngagara, imejengwa juu ya udongo wa namna hiyo. Kwa hiyo mkazi wa Buyenzi na ndugu yake aliye mlimani wasishangae hadithi zao zikitofautiana.

Yaliyowapata jirani zetu

Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane mchana ikiwa imepita kwa majira ya Burundi, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Upande wa Kalemie nyumba ziliporomoka na watu wakafariki. Hapa Bujumbura lilisikika wazi, na hata Nairobi, mamia ya kilomita kutoka kwenye kitovu, watu walitoka katika maghorofa yaliyokuwa yakiyumba.

Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la 5.9 liliyakumba maeneo ya Bukavu na Rusizi, ng'ambo ya kaskazini ya bonde letu. Nguvu yake ilikuwa ndogo takriban mara 20 kuliko lile la 2005, lakini liliua watu zaidi ya 30, wengi wao nchini Rwanda. Kitovu hakikuwa na kina kirefu, na kilikuwa karibu na vilima vyenye watu wengi. Tena ilikuwa Jumapili asubuhi, na watu walikuwa wamekusanyika makanisani. Zaidi ya saa tatu baadaye ardhi ilitikisika tena kwa nguvu.

Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Kagera, Tanzania. Tetemeko la 5.9 liliua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia, na kuharibu vibaya majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato mjini Bukoba. Ndugu zetu wa Goma walionja jambo la aina nyingine. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko midogo na ya kati ilifuatana kwa siku nyingi, ikapasua kuta Goma na Rubavu, na ikawanyima watu usingizi hadi sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Kinyume chake, tarehe 12 Agosti 2020 wakazi wa Dar es Salaam walisikia tetemeko la takriban 6.0 lililotokea baharini: majengo yaliyumba, watu wakatoka nje, kisha wakarudi nyumbani kwao salama.

Ukubwa peke yake, basi, hautoshi kutabiri maafa. Mara nyingi tofauti hutoka kwenye nyumba na saa ya tukio, na nyumba ndiyo tunayoweza kuitengeneza.

Mutanga Nord ijiandae vipi?

Mtaa wetu una mambo matatu yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni kuta ndefu za uzio. Ukuta wa matofali usio na nguzo wala nondo huanguka upesi, na kwa kawaida huangukia njia ambamo watu hukimbilia. La pili ni ukingo wa mto Ntahangwa, unaomomonyoka hata kwa mvua. Baada ya mtikisiko mtu yeyote asiukaribie. La tatu ni grili na makufuli. Polisi huwahimiza raia kufunga milango, na wito huo haujabadilika. Hata hivyo, ufunguo uwekwe mahali pamoja karibu na mlango, pasipofikiwa kutoka nje, na kila mtu wa nyumbani apajue: watoto, wazee, yaya na zamu.

Ardhi inapotikisika, aliye ndani ya nyumba imara ainame, ajikinge chini ya meza madhubuti na kuishikilia mpaka mtikisiko ukome. Asikimbilie ngazi wala kusimama karibu na vioo na makabati. Aliye katika nyumba dhaifu ya matofali mabichi, karibu kabisa na mlango na penye uwazi nje, atoke upesi. Aliye nje ajitenge na kuta, miti na nguzo za umeme. Mtikisiko ukikoma, zimeni mbabula na gesi, kateni umeme, tokeni kwa utaratibu, na msirudi katika nyumba iliyopasuka, kwani mitetemeko mingine huweza kufuata kama ilivyotokea mwaka 2008. Mkiwa nje, mtazameni jirani mzee au mgonjwa, na iacheni barabara wazi kwa magari ya uokoaji.

Kuhusu uvumi

Baada ya kila tetemeko husambaa ujumbe wa simu unaotaja siku na saa ya tetemeko kubwa zaidi. Hakuna mtaalamu duniani awezaye kutabiri hivyo. Familia inayolala nje kwa ajili ya uvumi huacha nyumba tupu, na mwizi haogopi tetemeko. Ujumbe wa namna hiyo msiutume kwa wengine. Mpelekeeni mkuu wa mtaa au kituo cha polisi kilicho karibu. Maelekezo ya kuhama au kurejea nyumbani yatatolewa na mamlaka za utawala, polisi na kikosi cha ulinzi wa raia.

Tunaiomba kila kaya ifanye zoezi la dakika 10 jioni moja ya juma hili: kuonyeshana meza ya kujikinga, mahali pa ufunguo, na uwanja wa kukutania. Atakayeona ukuta wa uzio ulioinama juu ya njia ya wapita kwa miguu amwarifu mwenye nyumba na mkuu wa mtaa mapema.