Kunyonyesha siko kunyonyoka nywele

Lugha ina hila zake. Maneno mawili yakikaribiana kwa sauti, masikio huyafanya ndugu hata kama hayana nasaba ya maana, na punde si punde akili nayo hufuata masikio. Katika Kiswahili tuna kitenzi "nyonya", ambacho kwacho twapata "nyonyesha". Tuna pia kitenzi "nyonyoa", yaani kung'oa manyoya au nywele, ambacho kwacho twapata "nyonyoka". Mtoto hunyonya na mama hunyonyesha. Kuku hunyonyolewa jikoni na nywele hunyonyoka kichwani. Ayasikiaye maneno haya kwa pamoja ataona kana kwamba kisa kizima cha mama aliyejifungua kimekwisha kusimuliwa: anyonyeshaye hunyonyoka.

Wala si sauti tu inayoipa nguvu dhana hii. Wakati nao huisaidia. Aghalabu mama hujifungua akiwa na nywele nzito kuliko alizokuwa nazo kabla ya kuhimili. Mwezi wa kwanza hupita salama. Kisha, kati ya mwezi wa pili na wa nne, nywele huanza kutoka kwa mafungu: kwenye kitana, kwenye mto, bafuni, na mabegani mwa rinda. Wakati huo mtoto yumo katika kunyonya kwelikweli. Mama na majirani, na pengine mavyaa pia, huyaweka mambo hayo mawili sambamba na kutoa hukumu: mtoto anammaliza mamake. Ushauri unaofuata haukawii kutolewa: mwachishe ziwa, mnunulie maziwa ya kopo, ujiokoe.

Ninalotaka kudai hapa ni kwamba hukumu hiyo ni ya uonevu, na anayeonewa ni mtoto asiyeweza kujitetea. Kazi yangu ni lugha, si utabibu. Lakini mambo yanayohusika hapa yamejulikana na matabibu kwa miaka mingi, na yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mwalimu na mwanafunzi.

Hebu tuanze na unywele wenyewe. Kila unywele wa kichwani una maisha yake ya zamu. Hukua kwa muda wa miaka 2 hadi 6, kisha ukaacha kukua, ukapumzika kwa muda wa miezi 3 hivi, hatimaye ukaanguka ili mwingine uchipuke katika shina lile lile. Wakati wowote ule, zaidi ya asilimia 80 ya nywele zetu zimo katika kukua na sehemu iliyobaki imo katika kupumzika. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku bila hata kutambua.

Mimba huivuruga zamu hii. Homoni ya estrojeni huongezeka mno mwilini mwa mama, na nywele ambazo zingepaswa kupumzika hubakia katika kukua. Nywele hujaa, na watu husema kwamba mimba imempenda. Mtoto azaliwapo, homoni hiyo hushuka ghafla, na nywele nyingi zilizocheleweshwa huingia katika mapumziko kwa pamoja. Kwa kuwa mapumziko hayo huchukua miezi 3 hivi, huanguka pia kwa pamoja, yapata mwezi wa tatu au wa nne. Kinachoonekana kama maradhi, basi, ni deni la miezi tisa linalolipwa kwa mkupuo mmoja.

Msomaji makini ataona kwamba katika maelezo hayo yote ziwa halikutajwa. Kilichoanzisha jambo hili ni kujifungua. Mama aliyemnyonyesha mwanawe hupukutikiwa, na asiyemnyonyesha hata siku moja hupukutikiwa pia. Hali ya namna hiyo humpata hata mtu asiyezaa, miezi michache baada ya homa kali, upasuaji mkubwa au kupungua uzani kwa ghafla. Kwa hiyo kumwachisha mtoto ziwa ili kuokoa nywele si tiba: nywele zinazoanguka leo zilikwisha kuacha kukua majuma mengi yaliyopita, na zitaanguka vyovyote vile.

Jambo la kutuliza moyo ni kwamba shina la unywele halijafa. Kwa kawaida upukutikaji hupungua baada ya mwezi wa sita, na wakati mtoto anapotimiza mwaka mmoja nywele za wanawake walio wengi huwa zimekwisha kurejea. Vinywele vifupi vinavyosimama kwenye paji la uso, na ambavyo huwakera wengi kwa kukataa kulala, ni bishara njema kwamba mpya zinaota.

Kinyume cha hayo, maziwa ya mama yakikatika ni vigumu kuyarudisha. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Penye maji yasiyo safi, kopo na chupa ni mlango wa kuhara. Je, ni busara kubadilisha kinga ya mtoto kwa nywele ambazo zingerudi zenyewe?

Sharti tukiri, hata hivyo, kwamba dhiki ya mama si ya kuchekwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi wa kike likizo ya uzazi ya miezi 3. Hesabu ni nyepesi: mwalimu hurejea darasani katika majuma yale yale ambayo kichwa chake kinapukutika. Husimama mbele ya macho ya wanafunzi hamsini, akiandika ubaoni huku amewapa kisogo, na katika chumba cha walimu minong'ono ya maradhi haikosi. Vivyo hivyo msichana aliyejifungua, ambaye sera ya serikali imemruhusu kurejea shuleni tangu mwaka 1994, hukutana na dhihaka za wenzake wakati anapohitaji utulivu. Anayemcheka mzazi kwa nywele zake anamsukuma kuelekea kwenye kopo, na pengine kuelekea kwa muuza dawa.

Na hapo kwa muuza dawa ndipo penye hatari. Dawa ya minoksidili, ambayo hupakwa kichwani ili kuotesha nywele, huonywa na watengenezaji wake kwamba haifai kwa mama anyonyeshaye. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni havipendekezwi kwa anyonyeshaye katika miezi 6 ya kwanza, hata akishawishiwa kwamba vitamrudishia nywele za wakati wa mimba. Vitamini A ikizidi mwilini yenyewe husababisha nywele kutoka. Vidonge vya "vitamini za nywele" aghalabu huwa na bayotini nyingi, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba bayotini inaweza kupotosha majibu ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingoni iitwayo thairoidi. Amezaye vidonge hivyo na amwambie daktari kabla ya kutolewa damu. Ama mchanganyiko usio na jina wala orodha ya vilivyomo, mama asiupake wala asiunywe.

Lipi basi la kufanya? La kwanza ni chakula. Upungufu wa madini ya chuma huzidisha kupukutika, na mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua yumo hatarini zaidi. Maharagwe, ndengu, omena, nyama, terere na managu ni hazina iliyo karibu. Chungwa au limau huusaidia mwili kuyapokea madini hayo, ilhali chai inayonywewa pamoja na mlo huyazuia. Kikombe na kingoje saa moja au mbili. Mahali ambapo upungufu wa damu ni tatizo la wengi, Shirika la Afya Duniani hupendekeza vidonge vya madini ya chuma kwa majuma 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Mama na aulize zahanatini kama vyamfaa.

La pili ni mikono ya msusi. Misuko iliyokazwa hadi nyusi zikainuka, na nywele za bandia zilizo nzito, huvuta mashina ambayo tayari yamelegea. Madhara ya kuvutwa huku, hasa kwenye paji na juu ya masikio, yanaweza kuwa ya kudumu, tofauti na upukutikaji wa uzazi. Dawa za kulainisha nywele na joto kali nazo huzikata zilizosalia. Mama na azifunge nywele kwa ulegevu, azichane taratibu kwa kitana chenye meno mapana, au azipunguze kwa mkasi. Kuosha nywele si kosa: zinazotoka kwenye maji zingetoka hata bila maji.

La tatu ni kujua wakati wa kumwendea daktari. Nywele zikitoka kwa viraka, ngozi ya kichwa ikiwasha au kutoa magamba kama ya mapunye, au kupukutika kukiendelea baada ya mtoto kutimiza mwaka, hilo si jambo la kawaida tena. Halikadhalika uchovu usiokwisha, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, au kuhisi baridi wenzako wanapohisi joto, huashiria upungufu wa damu au hitilafu ya thairoidi, ambayo huwapata wanawake kadhaa katika mwaka wa kwanza baada ya kuzaa. Yote mawili hupimwa kwa damu, na yana matibabu yanayoweza kutolewa bila ya kumwachisha mtoto ziwa.

Kuna la nne ambalo wachache hulitaja. Unywele mmoja wa mama unaweza kuingia ndani ya soksi au nguo ya mtoto ukazunguka kidole cha mguu, cha mkono, au hata uume, ukakaza kama uzi na kuzuia damu. Mtoto akilia bila ya kunyamazika, na akaguliwe vidole na sehemu za siri. Pakionekana uvimbe wenye mshipi mwembamba, apelekwe hospitalini mara moja. Soksi nazo zigeuzwe ndani nje kabla ya kumvisha.

Ninawasihi walimu wa sayansi na wa lugha walifundishe jambo hili darasani, kwa wasichana na wavulana vilevile, kwani mvulana wa leo ndiye mume atakayeulizwa fedha za kopo kesho. Wakuu wa shule nao wakumbuke kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mwajiri kutenga mahali pa mama kunyonyeshea; mwalimu aliyepewa faragha na nusu saa hatahitaji kuchagua kati ya kazi na maziwa. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Katika jambo hili maji ya kutia ni maarifa, na ni vyema yatiwe kabla ya mtoto kunyang'anywa ziwa kwa kosa ambalo hakulitenda.