Usiniulize Bunduki, Niambie Mnyama

Juni ikielekea ukingoni, kabla msimu wa uwindaji wa wenyeji haujafunguliwa tarehe 1 Julai, simu yangu haipumziki. Atapiga mwalimu mstaafu wa Kihonda, atapiga mfanyabiashara wa mahindi wa Kilosa, atapiga kijana aliyerithi bunduki ya babu yake na sasa anayo leseni ya polisi mkononi. Swali lao ni moja: "Mzee, shikamoo. Hivi bunduki ipi ndiyo kali?" Nimetumikia wanyamapori mpaka nikastaafu, sehemu kubwa hapa Morogoro na kule bondeni Kisaki, enzi ambazo vijijini walikuwa bado wanatuita mabwana nyama. Jibu langu halijabadilika. Usiniulize bunduki. Niambie unamfuata mnyama gani, atakuwa amesimama umbali gani, na ukiweka kitako begani unafumba macho au hufumbi.

Sheria kwanza, nimalizane nayo. Silaha inamilikiwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mnyama anawindwa kwa leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, inayosimamiwa na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Morogoro. Leseni humtaja mnyama na eneo. Mikumi ni hifadhi ya taifa, huingii na bunduki. Msitu wa hifadhi ulio juu ya Uluguru nao huingii. Usiku hapana, taa hapana, kufyatua kutoka ndani ya gari hapana. Mwenye mimba au mwenye mtoto mwache aende. Na kwa nyati, simba na tembo, usije na bunduki ya chini ya kaliba .375. Anayetaka kubishana na hayo asinipigie mimi.

Sasa tuje kwenye risasi yenyewe. Mtu akisema risasi anafikiria kitu kimoja, kumbe ni vinne: ganda la shaba ya njano, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa mbele. Fataki inawasha, baruti inasukuma, ganda linabaki kwenye bunduki. Kinachomfikia mnyama ni kichwa peke yake, na hicho ndicho watu hawakiulizi. Watatumia mwezi mzima kubishana juu ya .30-06 na .308, ilhali zote mbili zinatupa kichwa cha unene ule ule. Ya kwanza ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, ndiyo maana ya hiyo 06. Ya pili ilitoka mwaka 1952, ganda lake fupi zaidi na baruti yake pungufu kidogo. Swala aliyepigwa vizuri kwa moja hawezi kukuambia hakupigwa kwa nyingine.

Nina mpwa wangu yuko Texas. Huko wanawinda kulungu wao wa mkia mweupe, na aliwahi kunitumia kijitabu cha ushauri kuhusu risasi. Nilikisoma chote. Kulungu wa namna hiyo hatuna. Kusini ya Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Lakini ukitazama uzito, dume lao la kawaida halipishani sana na swala pala wetu wa kilo 60 au pongo dume aliyeshiba. Kwa hiyo ushauri wa wazungu wale unafaa mpaka hapo. Ukiuchukua na kumwendea nao pofu dume, ambaye anaweza kufika kilo 900, utatembea na nyayo zake mpaka jua lizame.

Ubishi huu wa ukubwa wa bunduki si wa leo. Ukitoka Kisaki kwenda kusini ndiko liliko kaburi la mwindaji Frederick Selous, pale Beho Beho, alipouawa kwa risasi ya Wajerumani tarehe 4 Januari 1917. Wageni hupelekwa kupiga picha. Mimi nikiwapeleka watumishi wapya nilikuwa nawaeleza habari za bunduki zake. Alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870 kwa magobore makubwa yaliyoshindiliwa baruti mdomoni na kutupa tonge la risasi la gramu zaidi ya 100. Yalimpiga bega kiasi kwamba alilalamika maisha yake yote kwamba yalimharibia shabaha. Halafu katika kizazi kilichofuata akaja mwingine, Bell, aliyewinda Karamoja kule Uganda, akaangusha zaidi ya tembo 1,000 na wengi wao kwa bunduki ndogo ya Mauser, milimita 7. Vijana wakisikia habari za Bell wanafurahi, wanadhani ukubwa hauna maana. Nawakatiza. Bell alipasua vichwa vya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alitumia kichwa cha risasi kigumu kisichopinda. Wewe umepasua nini?

Wajerumani wenyewe walilifikiria jambo hili. Mwaka 1905 fundi wa Berlin, Otto Bock, alitengeneza risasi ya 9.3x62 kwa ajili ya walowezi wa makoloni yao Afrika, ili mtu mwenye Mauser moja tu aweze kupata kitoweo na pia kujitetea kwa mnyama mkubwa. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907 risasi hiyo ilikuwa bado mpya. Mpaka leo ni risasi ninayoiheshimu: kichwa kizito cha gramu 18.5, mwendo wa wastani, haina makeke.

Sasa aina za vichwa. Kambini utasikia maneno mawili, softi na solidi. Softi ina madini tupu ya risasi nchani na koti la shaba pembeni; ikigusa mwili inafunguka kama uyoga, ikitanuka karibu mara mbili ya unene wake, na jeraha linakuwa pana. Solidi haifunguki. Inakwenda moja kwa moja, inavunja mfupa na kutokea upande wa pili. Kwa swala, solidi ni kosa mara mbili: inatoboa tundu jembamba na mnyama anakimbia mbali akiwa na jeraha la kumuua kesho yake, kisha kichwa kile kinaendelea na safari kwenda kumkuta swala wa pili usiyemwona, au mtu anayekata kuni. Risasi za kijeshi zenye koti zima zina kasoro hiyo hiyo. Nimekuta mizoga mingi ya kongoni yenye vitundu kama hivyo, na fisi wameshamaliza upande mmoja.

Softi nayo si zote sawa. Ya bei nafuu ikienda kasi sana na kukutana na bega la karibu inasambaratika juu juu kabla haijafika ndani. Yupo Mmarekani aliyeitwa John Nosler ambaye mwaka 1946 alimpiga kulungu mkubwa wa kaskazini kule Kanada, mnyama aliyekuwa amejipaka tope likakauka mwilini. Vichwa vyake vilipasuka kwenye tope na ngozi, mnyama akabaki amesimama. Nosler akarudi karakanani, akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kusukuma kwenda ndani. Mwaka 1948 alianza kukiuza, na hata sasa kinauzwa. Mimi habari hiyo naipenda kwa sababu ya tope. Ngiri wa bondeni kwetu anashinda kwenye tope, nyati vilevile, na Agosti ukimkuta ngiri amekauka ni kana kwamba amevaa gamba.

Kwa hiyo nikibanwa nitaje, nataja hivi. Swala pala, pongo na tohe: .308 au .30-06, kichwa cha softi cha greni 150 hadi 165, yaani gramu 10 au kidogo zaidi. Hata ile Mauser ya milimita 7 ya babu inatosha sana. Kuro dume, nyumbu, kongoni: bunduki hiyo hiyo, lakini panda kwenye greni 180 na ununue kichwa kilichoshikamana vizuri, si cha bei ya chini. Kongoni hasa usimdharau. Ana roho ya paka, na nimeona wakienda umbali mrefu na jeraha ambalo lingemlaza swala palepale. Pofu naomba uje na .375. Inaweza kufanyika kwa .30-06, imefanyika mara nyingi, ila mimi sipendi. Nyati ni .375 kwa lazima, risasi ya kwanza softi nzuri ya greni 300 iwapo amesimama peke yake, zinazofuata solidi. Akiwa kundini, subiri. Hizi .223 ndogo zinazopendwa na vijana kwa kuwa hazipigi bega, kichwa chake ni gramu 3 na nusu. Waachie mbweha.

Kuhusu bega nataka nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapoharibikiwa. Risasi ya .30-06 inatoka na nguvu ya jouli 3,900 hivi, na .375 karibu 5,800. Lakini teke la .375 begani ni karibu mara mbili ya teke la .308, na mwili una kumbukumbu. Mtu akishaumizwa, siku ya pili anafumba macho kabla hajafyatua, anavuta kifyatulio kwa pupa, na risasi inakwenda tumboni. Mnyama wa kilo 60 aliyepigwa tumboni kwa bunduki kubwa ana taabu ile ile ya aliyepigwa tumboni kwa bunduki ndogo. Ndiyo maana namwambia mtu achukue kaliba ndogo kuliko zote zinazomtosha mnyama wake, asichukue kubwa kuliko zote anazoweza kubeba.

Pa kulenga, fuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi moja ya kimo cha kifua. Hapo moyo uko jirani na mapafu yako juu yake, ukikosea kidogo bado umo. Ukishafyatua usikimbie. Nenda pale alipokuwa amesimama utazame damu. Nyekundu iliyopauka yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyeusi nzito ni ini, kaa chini. Yenye majani na harufu ni tumbo, kaa chini zaidi, nusu saa au kupita, kwa kuwa ukimfuata mara moja atanyanyuka na kukutembeza mpaka mpakani mwa hifadhi, na huko leseni yako haiingii.

Hapa kuna jambo ambalo vijitabu vya Texas havina. Huku bondeni Waislamu ni wengi, na wawindaji wenzangu wengi walisoma bismillahi kabla ya kufyatua kisha wakataka kumkuta mnyama bado ana uhai wamchinje. Masheikh wana maelezo yao juu ya aliyekutwa amekufa kwa risasi iliyosomewa, sitaingia huko. Ila nimewaona wakikimbilia kisu kwa mnyama aliyeanguka, nao hawataki mnyama wa kutafutwa kwa saa tatu. Kwao kichwa kinachofunguka vizuri na kumlaza karibu ni suala la kula au kutokula.

Umbali usikusumbue mno. Kwenye miombo ya Mvuha na Kisaki ni nadra kumwona swala zaidi ya mita 150, na Septemba majani yakishaungua bado vichuguu na vichaka vinakuruhusu kumsogelea. Bunduki ya .30-06 iliyorekebishwa shabaha kwa mita 100 itashuka kama sentimita 10 ukifika mita 200, na ukienda 300 inashuka zaidi ya sentimita 35. Sentimita 10 bado uko ndani ya kifua cha swala. Thelathini na tano umepiga miguu. Sioni sababu ya kufyatua mita 300 Morogoro hii.

Limebaki la madini ya risasi, yaani plumbi ile laini. Softi ya kawaida ikifunguka inamwaga chembe ndogo mwilini mwa mnyama, nyingine mbali na tundu, hazionekani kwa jicho wala hazihisiki jinoni. Ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Matumbo tunayoyaacha porini yanaliwa na tai, na chembe hizo zinawaua. Jimbo la California lilipiga marufuku risasi za plumbi kwa uwindaji wote kuanzia 1 Julai 2019, kwa sababu ya tai wao wakubwa waliokuwa wanakwisha. Kwetu mabucha ya nyamapori yalipata kanuni zake mwaka 2020, na tangu hapo nyama ya porini si tena ya familia ya mwindaji peke yake. Ninashauri kukata na kutupa nyama yote iliyovilia damu kuzunguka jeraha, upana wa kiganja na zaidi. Wenye uwezo wanunue vichwa vya shaba tupu. Hivyo havimwagi chembe, vinafunguka na kubaki na uzito wao karibu wote, ila shaba ni nyepesi kuliko plumbi, kwa hiyo aliyezoea greni 180 achukue 165 au 150. Bei iko juu. Na vinapiga mahali pengine kabisa kwenye shabaha hata bunduki ikiwa ile ile, basi rekebisha upya kabla ya kwenda porini, na usivichanganye na softi ndani ya magazini moja.