Mzee wa Mapendo na Mtihani wa Akili

Ukitaka kujua uzee unaifanya nini akili, njia ya mkato ni kuwapa mtihani mmoja vijana wa miaka 25 na wazee wa miaka 75, kisha ulinganishe alama. Katika kartie ya Mapendo, Goma, njia hiyo itakudanganya. Kijana amekaa darasani miaka mingi, ilhali koko wake huenda hajawahi kushika kalamu. Utadhani unapima umri, kumbe unapima shule.

Nchini Marekani, K. Warner Schaie alianza kupima watu wazima wa Seattle mwaka 1956, akawarudia kila baada ya miaka 7 huku akiongeza makundi mapya. Alipofuata watu walewale, uwezo wao mwingi ulidumu hadi karibu na miaka 60. Sehemu kubwa ya kile kilichoonekana kama kushuka mapema ilikuwa tofauti ya vizazi.

Lakini Goma utamfuata nani? Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002. Mlima ukalipuka tena Mei 2021, na vita haviishi kuhamisha watu. Wanyonge wakitoweka kwenye orodha ya wanaopimwa, wanaobaki huonekana kana kwamba hawazeeki.

Hata umri wenyewe hutafutwa. Asiye na cheti cha kuzaliwa huulizwa: Mama, siku ya uhuru, 1960, ulikuwa umeshaolewa? Volkano ya 1977 ilikukuta na watoto wangapi?

Wilayani Hai, Tanzania, ambako wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, watafiti walisaidia kutunga kipimo kisichohitaji kusoma, kiitwacho IDEA. Mzee hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hutaja jina la kiongozi wa kijiji (Mapendo angeulizwa shefu wa kartie), na hupanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Napenda njiti hizo, ila mwenye mtoto wa jicho atazikosea hata akili ikiwa timamu. Macho na masikio yapimwe kwanza.

Kisha aulizwe anayeishi naye. Ukimwuliza kama koko anasahau, atajibu kwa heshima kwamba ni uzee tu. Afadhali umwulize kama bado anahesabu chenji sokoni, kama hupotea akitoka kanisani, na kama mwaka jana alikuwa hivyo hivyo.