Jinsi Anuai Mpya ya Virusi vya Korona Inavyotambuliwa (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza namna kirusi cha korona kinavyoingia katika seli ya mwanadamu na kuitumia kujizalisha. Sehemu hii inaendelea kutoka hapo, kwa kuwa ni katika kujizalisha huko ndiko mabadiliko ya kirusi yanakozaliwa, na ni kwa kuyafuatilia mabadiliko hayo ndipo wanasayansi wanapoweza kujua kwamba kinachowaambukiza watu sasa si kile kile kilichowaambukiza miezi michache iliyopita.

Jenomu, yaani jumla ya maelekezo ya urithi ambayo kiumbe au kirusi hubeba, katika kirusi hiki ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi za kikemia zinazokaribia 30,000, ambazo zote ni za aina nne tu. Kila uzi huo unaponakiliwa, baadhi ya herufi huweza kukosewa, na ingawa virusi vya korona vina kimeng'enya kinachosahihisha sehemu kubwa ya makosa hayo, mabadiliko takriban mawili hubaki kila mwezi katika mnyororo wa maambukizi kutoka mtu hadi mtu. Mengi hayana athari yoyote, na mengine hukidhoofisha kirusi chenyewe. Lakini kwa mtafiti hata badiliko lisilo na athari lina thamani, kwa sababu hurithiwa na vizazi vyote vinavyofuata. Wataalamu wa tenzi za kale wanapolinganisha miswada ya hati za Kiarabu huchukulia kwamba miswada miwili yenye kosa moja adimu ina chanzo kimoja, na kwa njia hiyo huweza kupanga upi ulinakiliwa kutoka upi. Watafiti wa virusi hufuata mantiki hiyo hiyo kujenga mti wa nasaba, na tawi la mti huo lenye mabadiliko yake ya pekee ndilo linaloitwa anuai.

Kazi ya maabara huanza na sampuli iliyochukuliwa puani au kooni na kuthibitishwa kwa kipimo cha PCR, yaani kipimo kinachozidisha vipande maalumu vya jenomu hadi viweze kuonekana. RNA hutengwa, hugeuzwa kuwa DNA, kisha hunakiliwa kwa vipande vifupi ambavyo mashine huvisoma herufi kwa herufi. Kompyuta huviunganisha vipande hivyo na kuvilinganisha na jenomu ya rejea yenye herufi 29,903, iliyotokana na mgonjwa wa Wuhan na kutolewa hadharani na wanasayansi wa China mwezi Januari 2020. Matokeo hupelekwa katika hifadhidata ya kimataifa, na iliyotumika zaidi katika janga la korona ni GISAID, ambako nchi yoyote huweza kuona kama tawi lililoonekana kwake limeonekana pia kwingine.

Hata hivyo, hakuna nchi inayoweza kusoma jenomu ya kila mgonjwa, na hapo ndipo umakini wa wahudumu wa maabara za kawaida unapokuwa na uzito kuliko mashine yoyote. Mwezi Novemba 2021 maabara ya Lancet nchini Afrika Kusini iligundua jambo lisilo la kawaida katika vipimo vya PCR kutoka jimbo la Gauteng. Kipimo kilichotumika kilitafuta sehemu tatu za jenomu, mojawapo ikiwa jeni ya protini ya miiba, ambayo kirusi huitumia kujishikiza kwenye seli. Sehemu mbili zilionekana vizuri, lakini ya miiba ikawa haionekani, ilhali kirusi cha Delta, kilichokuwa kimetawala wakati huo, kwa kawaida kilionyesha zote tatu. Sababu ilikuwa upungufu mdogo katika jeni hiyo, uliowahi kuonekana katika anuai ya Alpha iliyogunduliwa Uingereza mwaka 2020. Mtu mwingine angeweza kudhani kwamba dawa za kipimo zimeharibika. Wahudumu wa Lancet walizipeleka sampuli kwa mtandao wa watafiti wa jenomu, ambao miongoni mwa viongozi wake alikuwa Tulio de Oliveira, huku nchini Botswana kundi la Sikhulile Moyo likiwa limekwisha kusoma jenomu zilizofanana nazo. Protini ya miiba ilikutwa na mabadiliko zaidi ya 30. Tarehe 24 Novemba Shirika la Afya Duniani lilipewa taarifa, na siku mbili baadaye likaiita anuai hiyo Omicron.

Inafaa kuongeza kwamba dalili hiyo ya kipimo haikudumu, kwa kuwa tawi la Omicron liitwalo BA.2, lililoenea mapema mwaka 2022, halikuwa na upungufu ule, na kwa hiyo lilipita katika kipimo bila kujitofautisha. Njia ya mkato husaidia kuharakisha kazi, lakini haichukui nafasi ya kusoma jenomu nzima.

Kugundua tawi jipya si sawa na kugundua hatari mpya. Hadi mwaka 2023, ili anuai iwekwe katika kundi la zile za kutia wasiwasi, ilikuwa lazima uwepo ushahidi kwamba inaambukiza kwa kasi zaidi, au inasababisha ugonjwa mkali zaidi, au inapunguza nguvu ya chanjo, vipimo au tiba. Kati ya maelfu ya matawi yaliyopewa majina, ni matano tu yaliyofikia daraja hilo: Alpha, Beta, Gamma, Delta na Omicron. Herufi hizi za Kigiriki zilianza kutumika Mei 2021 ili anuai zisiitwe kwa majina ya nchi zilizozigundua, na uamuzi huo ulikuwa wa haki.

Haki hiyo, kwa bahati mbaya, iliishia kwenye majina. Kabla Omicron haijapewa hata jina, Uingereza ilikuwa imekwisha kusimamisha safari za ndege kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika, na Marekani ikafuata kwa kuwazuia wasafiri kutoka nchi nane. Baadaye Uholanzi ilitangaza kwamba anuai hiyo ilikutwa katika sampuli zilizochukuliwa nchini humo tarehe 19 na 23 Novemba, yaani kabla hata Afrika Kusini haijatoa taarifa. Nchi inayoadhibiwa kwa kusema ukweli mapema huwafundisha majirani zake kunyamaza, na ukimya katika janga hugharimu maisha.

Afrika Mashariki ina mifano ya pande zote mbili. Huko Entebbe, Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda ilifuatilia tawi la A.23.1 tangu lilipoanza kuenea nchini humo, na maabara ya Kilifi ilisoma jenomu za virusi kutoka kaunti za pwani ya Kenya na kuonyesha nafasi ya Mombasa kama lango la maambukizi ya ukanda huo. Kwa upande mwingine, Tanzania iliacha kutoa takwimu za ugonjwa wa korona mwezi Mei 2020, na mapema mwaka 2021 tawi lililokuwa na mabadiliko mengi kuliko yote yaliyojulikana wakati huo lilikutwa kwa wasafiri waliotoka Tanzania, lakini waliolikuta ni wapimaji wa uwanja wa ndege wa Luanda, Angola. Tawi hilo halikuenea sana duniani, jambo ambalo halikuwa matokeo ya maandalizi yoyote.

Serikali za ukanda huu zinapaswa basi kuzilipia maabara hizi kutoka bajeti zao wenyewe, katika miaka ya utulivu kama ile ya janga, na kuwahakikishia wanasayansi wao kwamba taarifa ya anuai mpya itatolewa siku ile ile inapothibitishwa.