Mstari wa Mita Tatu: Kupima Mtikisiko wa Ubongo kwa Wanamichezo Vijana

Msimu wa mashindano ya shule ufikapo, viwanja vingi vya Ufipa huwa vimekauka na kuwa vigumu kama sakafu. Tuchukue mfano wa mchezo wa mpira wa miguu pale Mwazye, mkoani Rukwa. Vijana wawili wanaurukia mpira wa kona. Vichwa vyao vinagongana, na mmoja anaanguka. Punde anainuka, anajipangusa vumbi na kusema, "Mimi mzima, mwalimu." Je, mwalimu amwamini?

Ubongo umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikigongwa au kikisukwa ghafla, ubongo nao husukwasukwa, nyuzi za neva huvutika, na kazi ya chembechembe zake huvurugika kwa muda. Hali hiyo ndiyo mtikisiko wa ubongo. Watu hudhani kwamba ni lazima aliyeumia azirai. Sivyo: walio wengi hawazirai. Hata picha za hospitalini aghalabu hazionyeshi kasoro, kwa kuwa kilichovurugika ni utendaji, wala si umbo.

Hapo ndipo miguu inapotoa ushahidi. Ili mtu asimame wima, ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na neva za misuli na maungio. Ubongo huziunganisha habari hizo, kisha huiamuru misuli. Ubongo uliotikiswa huunganisha polepole au kwa makosa, hasa macho yakifumbwa.

Kwa kutumia kanuni hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walibuni kipimo cha kusimama katika miaka ya 1990. Mwanamichezo hufumba macho, huweka mikono kiunoni, na husimama kwa namna tatu, kila moja sekunde 20: miguu pamoja, mguu mmoja, na mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Kufumbua macho, kuondoa mikono kiunoni, kuyumba na kukanyaga pembeni, yote huhesabiwa kuwa makosa.

Kipimo cha pili ni cha kutembea. Huchorwa mstari wa mita 3. Mwanamichezo huufuata haraka awezavyo, kisigino kikigusa vidole kila hatua, hugeuka, na kurudi. Muda wake hupimwa kwa saa. Vipimo hivi vimo katika SCAT6, utaratibu wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 kwa wenye umri wa miaka 13 na zaidi. Humo mpimwaji aweza pia kutakiwa atembee huku akihesabu kurudi nyuma kwa saba: 100, 93, 86. Kazi mbili kwa pamoja hufichua udhaifu ambao kazi moja huuficha.

Hata hivyo, namba peke yake haina maana. Uchovu, kifundo kilichoteguka au ardhi yenye mashimo vyaweza kumyumbisha hata aliye mzima. Kwa hiyo kipimo cha maana ni kumlinganisha kijana na nafsi yake mwenyewe. Mwalimu aliyeandika matokeo ya kila mchezaji kabla ya msimu amempa mganga rula ya kupimia.

Lakini izingatiwe kwamba kufaulu kutembea si kibali cha kurudi uwanjani. Akishukiwa tu kuwa ametikisika, mchezaji atolewe na asirudi siku hiyo. Akitapika mara kwa mara, akizidiwa na maumivu ya kichwa, akisinzia kupita kiasi au akipata degedege, apelekwe hospitali mara moja. Mwaka 2011, huko Ireland ya Kaskazini, mwanafunzi wa miaka 14 aliyegongwa zaidi ya mara moja katika mchezo mmoja wa raga wa shule alifariki dunia. Ubongo ambao haujapona hauvumilii pigo la pili. Kurudi mchezoni kufanywe hatua kwa hatua, kila hatua isipungue siku moja, na mganga atoe idhini.

Wanafunzi wanaweza kuijaribu kanuni hii darasani. Simama kwa mguu mmoja sekunde 20, macho wazi; kisha rudia ukiwa umeyafumba, mwenzako akiwa tayari kukudaka. Hesabuni makosa, na mjadili: ni habari ipi ambayo ubongo umenyimwa?