Kabla ya Kuununulia Dawa Mmea Unaodhoofika

Mtu anayetuuliza namna ya kuuokoa mshubiri alioachiwa na marehemu mama yake hahitaji kuambiwa kwamba mshubiri mwingine unapatikana kwa bei nafuu. Anautaka huo huo. Kwa sababu hiyo huwa mwepesi wa kununua chochote anachoambiwa kuwa ni dawa, na hapo ndipo hasara huanzia.

Mara nyingi mshubiri wa chunguni unaodhoofika hauna ugonjwa wala wadudu, umezidishiwa maji. Mmea huu huhifadhi maji katika majani yake, hivyo udongo wenye unyevu siku zote huinyima mizizi hewa, nayo huoza. Dalili zake hupotosha: majani hulegea na kupauka kana kwamba mmea una kiu, na mwenyewe, kwa huruma, huongeza maji. Kiuatilifu hakitibu kosa hilo.

Utoe mmea chunguni kwa uangalifu, uikague mizizi. Iliyo hai huwa imara; iliyooza huwa laini, ya kahawia iliyokolea, na aghalabu hunuka. Ikate yote iliyooza kwa kisu safi, uuache mmea kivulini siku kadhaa hadi majeraha yakauke, kisha uupande katika udongo mkavu uliochanganywa na mchanga mwingi. Usiumwagilie kwa muda wa wiki moja hivi. Baadaye, mwagilia pale tu udongo unapokauka hadi chini. Chungu kiwe na tundu. Vyungu vingi vya mapambo havina, na kwa maoni yetu muuzaji angepaswa kulisema hilo kabla ya kupokea fedha.

Ukiona wadudu, au usipoelewa unachokiona, piga picha ya mmea na mizizi yake, umwendee afisa ugani wa kata yako au duka la pembejeo lenye kibali. Mshauri makini atakuuliza unamwagilia mara ngapi kabla ya kutaja dawa yoyote. Ukiuziwa kiuatilifu, kiwe katika kifungashio chake cha asili, chenye namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo unayoweza kuyasoma. Kilichomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa usikipokee hata bure, hasa ikiwa nyumbani mna watoto. Dai risiti.

Shina likishindikana, tazama pembeni mwake: huenda pana machipukizi. Chipukizi lenye mizizi yake ni mmea ule ule wa mama, si mwingine. Litenge mapema, kabla uozo haujalifikia.