Milima ya Burundi Ndani ya Skrini

Anayesimama ufukweni Makobola, kando ya barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka, ana Ziwa Tanganyika mbele yake na milima mgongoni. Mtumbwi uliovutwa mchangani hatua chache tu kutoka alipo, macho yake huutazama kwa kujipinda kidogo kuelekea pua. Kwa mtu ambaye mboni zake zimeachana sentimita 6.4, kitu kilicho mita 2 mbele hudai pembe ya nyuzi 1.8 hivi kati ya jicho na jicho. Kikisogea hadi sentimita 30, pembe hufika nyuzi 12. Milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa haidai kitu: macho huitazama sambamba, na ubongo hukadiria umbali kwa ukungu, vivuli, na kwa kuona kipi kimefunika kipi.

Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwa vioo kwamba michoro miwili bapa iliyotofautiana kidogo, kila jicho likipewa wake, inatosha kuzaa kina. Leo kazi hiyo hufanywa na programu ya kompyuta. Mandhari ileile huchorwa mara mbili, kwa kamera mbili za kubuni, na mtayarishaji huamua namba mbili: kamera ziachane kiasi gani, na makutano ya mitazamo yake yawe umbali gani. Kitu kilicho kwenye umbali wa makutano huonekana kimekaa juu ya skrini yenyewe. Kilicho karibu zaidi hujitokeza kumfuata mtazamaji, na cha mbali huzama ndani.

Hapo ndipo wengi wanaoanza hupotea. Kwa kuwa macho hujipinda, nao huzipinda kamera zielekee ndani. Matokeo yake, kila kamera huiona skrini kimshazari: mtumbwi ulio pembeni huwa mrefu zaidi kwenye picha moja kuliko kwenye nyingine, na ncha zake hazilingani kimo. Macho ya binadamu yamezoea kutofautiana kwenda kulia na kushoto. Jicho moja likilazimishwa kupanda na jingine kushuka, kichwa huanza kuuma.

Njia sahihi ni kuziacha kamera sambamba na kuisogeza pembeni fremu ya kila moja, mpaka zote mbili zikutane kwenye mstatili uleule katika umbali wa makutano. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua nusu ya mwachano wa kamera, zidisha kwa umbali wa ukingo wa karibu wa mandhari, yaani pale programu inapoanzia kuchora, gawanya kwa umbali wa makutano. Mwachano ukiwa sentimita 6.4, ukingo sentimita 10 na makutano mita 2, fremu husogea milimita 1.6 tu. Kwa kipimo hicho kidogo mtazamaji anaokolewa na maumivu.

Ukubwa wa skrini nao una sheria yake. Tuseme nakala mbili za milima ya Burundi, ya jicho la kushoto na la kulia, zimetenganishwa kwa asilimia 2 ya upana wa picha. Kwenye simu yenye upana wa sentimita 14, huo ni mwachano wa milimita 2.8. Kwenye skrini ya sinema yenye upana wa mita 10 unakuwa sentimita 20, kuzidi mwachano wa mboni, na macho yanatakiwa yafunguke kuelekea nje, jambo ambalo hayakuumbwa kulifanya. Filamu iliyopangwa kwa simu haifai kurushwa ukutani bila kupimwa upya.

Uzito wa hesabu hizi ulionekana katika The Enemy, kazi ya mpiga picha wa habari Karim Ben Khelifa iliyofunguliwa Paris mwaka 2017. Mgeni alivaa miwani ya uhalisia pepe, akatembea ukumbini kwa miguu yake, akawakaribia wapiganaji wa pande hasimu. Miongoni mwao walikuwemo wawili kutoka mashariki mwa Kongo, mmoja wa FDLR, kundi la waasi wa Rwanda, na mwingine wa kundi la wanamgambo wa Mai-Mai, kila mmoja akieleza kwa nini anapigana. Kwenye miwani ya aina hiyo kamera lazima ziachane sawa na mboni za mtu. Ukiongeza mwachano mara mbili, mwanamume wa mita 1.8 ataonekana kama mtoto wa sentimita 90. Makobola, ambako mamia ya raia waliuawa kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, watu wanajua mtu mwenye silaha ana ukubwa gani akiwa mita 2 mbele yako. Kumpunguza kwa kosa la namba ni kuwakosea.

Hata namba zikiwa sahihi, kikwazo kimoja hubaki. Macho hukutana mahali kitu kinapoonekana kuwa, lakini lenzi za macho huendelea kulenga umbali mmoja usiobadilika. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walithibitisha kwamba mvutano huo huchosha macho. Kwa hiyo vitu muhimu viwekwe karibu na umbali wa makutano, na vinavyojitokeza sana vipite haraka.

Kijana wa Uvira au Baraka mwenye kompyuta anaweza kuanza na Blender, programu ya bure ambayo tayari hutumia kamera sambamba zenye fremu zilizosogezwa, mwachano wa sentimita 6.5 na makutano ya mita 1.95. Aziache namba hizo kwanza, atazame kwa miwani ya rangi nyekundu na samawati, kisha ampe mtu mwingine naye atazame kwa dakika kadhaa. Huyo mwingine akivua miwani na kufikicha macho, apunguze mwachano kabla ya kuonyesha kazi yake hadharani.